Kambare jike ana mayai tele, mbona hatagi bwawani?

Mkuu, umeuliza kwa nini kambare wako majike wamejaa mayai na hawatagi. Hawaumwi. Wanasubiri mafuriko.

Angalia maisha yake mtoni, mfano bonde la Kilombero. Kiangazi hujibanza kwenye madimbwi ya tope. Oksijeni ikipungua majini hupanda juu kuvuta hewa, maana juu ya matamvua ana kiungo cha ziada cha kupumulia. Mayai hukomaa lakini hubaki tumboni. Masika ikikolea na mto ukifurika mbugani, hupanda usiku hadi kwenye nyasi zilizoingiliwa na maji karibuni, penye kina kifupi mno, akataga humo na mayai yakanata kwenye majani. Baada ya hapo wazazi huondoka, hawalindi chochote. Maji mapya yana vijidudu vingi vya kulisha watoto, na samaki walaji ni wachache. Bwawa lenye kimo kilekile mwaka mzima halimpi dalili yoyote ya hayo.

Ndiyo maana hutumika homoni. Chagua jike mwenye tumbo laini, ukilibonyeza kidogo mayai yatoke. Tezi moja ya pituitari (tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, yenye homoni hiyo) kutoka kwa kambare mkomavu mwenye uzito sawa na wake inatosha: isage, changanya na maji ya chumvi ya 0.9%, mdunge kwenye msuli wa mgongo. Maji yakiwa nyuzijoto 25, mkamue mayai baada ya saa 11 hivi. Kwa nyuzi 20 ni kama saa 21, kwa hiyo pima joto kabla ya kupanga muda. Dume hakamuliki, lazima achinjwe na korodani zikatwekatwe ili kupata mbegu.

Wengi huharibia hapa: bakuli lenye unyevu. Mbegu za dume zikigusa maji huwa na nguvu kwa dakika moja tu. Kausha bakuli, mikono na samaki mwenyewe. Changanya mayai na mbegu kwanza, ndipo utie maji safi, ukoroge taratibu kwa dakika moja, kisha utandaze mayai kwenye wavu kwa tabaka moja. Yakilundikana, yaliyokufa hugeuka meupe, huota ukungu na kuharibu mazima.

Kwa nyuzi 25 hadi 28 yataanguliwa ndani ya saa 24 hadi 36. Usiwalishe vifaranga kwa siku 3 hivi, wana kiini cha yai tumboni kinachowalisha. Kikiisha wape artemia (vijidudu vidogo vya maji ya chumvi) mara nyingi kwa siku. Halafu uwatenganishe kwa ukubwa mapema, maana aliyetangulia kukua humla mwenzake.