Kalenda kuukuu na krayoni zilizovunjika: zawadi kwa watoto wa kituo

Dada wa Jinja, umeuliza utengeneze zawadi gani za kituo cha watoto kwa vitu ulivyonavyo: kalenda kuukuu, mabaki ya manila, krayoni zilizovunjika na makopo ya rangi ya mafuta. Kalenda na krayoni zinatosha kabisa: shanga za karatasi na krayoni mpya. Kwanza waulize wanaowalea umri wa watoto. Walio chini ya miaka 3 wasipewe shanga: wanazitia mdomoni, na zinakaba koo.

Kwa shanga tumia kalenda. Manila ni nene, hufumuka. Kata pembetatu ndefu, kitako sentimita 2, urefu 30. Viringisha kwenye kijiti cha meno kuanzia upande mpana, ukikaza, ncha ikae katikati. Gundi paka sentimita 10 za mwisho tu, la sivyo shanga itanata kijitini. Kisha vanishi ya maji mara tatu, kila tabaka likauke kabisa kabla ya jingine. Msimu wa mvua usiharakishe hata kidogo: unyevu ukibaki ndani, vanishi hufanya utando mweupe.

Kwa krayoni mpya, zile zilizovunjika zimenye karatasi, ziyeyushe katika kopo lililo ndani ya sufuria ya maji moto. Usiweke kopo moja kwa moja kwenye sigiri, nta hushika moto.

Yale makopo ya rangi ya mafuta yasiyo na lebo yaache kabisa, huenda yana madini ya risasi, ambayo ni sumu.