Zawadi ya Idi ya kutengeneza kwa mkono

Waalaikum salaam dada. Umeuliza umtengenezee mama mkwe nini cha nyumbani, Idi iko karibu na cherehani huna. Mtengenezee udi wa sukari, manukato ya kufukizia nyumba. Hapa Lamu nyumba nyingi hufukiza, na zawadi hii itatumika kweli, haitakaa kabatini.

Chemsha sukari na marashi ya mawaridi kwa moto mdogo, na usiondoke jikoni, kwani sukari ikiungua harufu ya kuungua haiondoki tena. Ikianza kuvutika kama uzi, epua, tia unga wa sandali na vipande vidogo vya mti wa udi, ukoroge upesi kabla haijaganda. Mafuta ya manukato yatie mwisho kabisa, maana moto huyapoteza. Mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, ikipoa uvunjevunje. Hifadhi kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza. Unyevu wa huku pwani huulainisha haraka.

Ukipata nafasi, nunua ukili uliokwisha kusukwa, yaani ule ukanda wa majani makavu ya mkindu, uushone kwa sindano uwe kikapu kidogo cha kutilia chupa. Kawa, kile kifuniko cha chakula cha ukili, ni nzuri sana, lakini yataka mkono uliozoea, kwa hiyo iache hadi Idi nyingine.