Fundi wa TV hajauliza ukuta ni wa nini

SWALI: Habari zenu. Tumepanga Migosi hapa Kisumu, juzi mzee ameleta TV ya inchi 55 anataka itundikwe ukutani sebuleni. Fundi tumempigia akasema elfu mbili, kesho asubuhi anakuja, hakuuliza kitu kingine. Sasa huo ukuta ukiugonga unalia ka debe tupu, alafu soketi iko kona ile ingine. Nimwachie tu? – Mama Junior

JIBU: Mama Junior, mwambie asubiri kwanza. Bei sina shida nayo, shida ni kuitaja bila kuuliza ukuta ni wa nini. Wa mawe ama tofali ni rahisi, anatoboa, anaingiza plagi (zile za plastiki za kushika skrubu), anafunga. Huo wako naona ni wa bodi za jipsamu, ndani kuna fremu za mbao ama chuma na kwingine ni hewa tupu, sasa skrubu zikishika bodi peke yake, na TV kama hiyo ni kilo kumi na kitu, siku moja usiku mtasikia tu kishindo. Fundi anayejua kazi atatafuta fremu ziko wapi ndio afunge hapo. Mimi lakini ningehamia ukuta wa mawe, hasa kama mnataka braketi (kile chuma cha kushikilia TV ukutani) ile ya kuvutwa mbele, hiyo huvuta ukuta vibaya sana.

Braketi nayo usinunue kwa inchi pekee. Nyuma ya TV kuna matundu manne, pima kutoka moja hadi lingine, utapata kitu kama milimita 200 kwa 200 ama 400 kwa 400, hizo ndizo unampelekea mtu wa duka, pamoja na uzito.

Soketi: asikuzikie ekstensheni ndani ya plasta, tafadhali. Kusogeza soketi ni kazi ya fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi. Na asitoboe juu ama chini ya soketi moja kwa moja, waya nyingi hupitia hapo. Radi za huku unazijua, mvua ikianza chomoa plagi na waya ya dishi pia.

Katikati ya skrini iwe usawa wa macho mkiwa mmekaa, kama mita moja hivi, sio juu kama ya hoteli. Landlodi mtumie meseji kabla ya kutoboa, akubali kwa maandishi. Pesa ya mwisho lipa TV ikishawaka na braketi mmeivuta kwa mkono mkaona haichezi. Na katoni usitupe, siku ya kuhama utaitafuta.