Alimnong'oneza nani? Kwa mnaoanza kutafsiri kutoka Kiingereza

Nilipoanza kutafsiri hadithi, kila mhusika aliyepunguza sauti nilimfanya anong'one. Whisper, nikaandika alinong'ona. Murmur, alinong'ona. Mutter, alinong'ona. Kamusi ndogo niliyokuwa nayo haikunikataza, nami sikuuliza. Siku moja mhariri akanirudishia sura nzima imejaa wino mwekundu. Katika sura hiyo kulikuwa na mzee aliyenyimwa mkopo. Alichukua kofia yake, he muttered something, akaondoka. Mimi niliandika: "Akanong'ona jambo, akatoka." Pembeni mhariri aliweka maneno mawili tu: "Alimnong'oneza nani?"

Nilikaa na swali hilo mchana kutwa. Kwa Kiswahili, anayenong'ona ana sikio la mtu karibu yake. Hata minong'ono ya mtaani inatoka kwa huyu inaenda kwa yule. Anayefanya mutter hana sikio analolitafuta. Anaisemea kola ya shati lake, na mara nyingi roho yake imechafuka. Akisikika ni bahati mbaya, au ndivyo anavyotaka tudhani. Mwishowe niliandika: "Akajisemea maneno ya hasira chini chini, akatoka." Ni ndefu kuliko Kiingereza, najua. Zoeeni. Mara nyingi kitenzi kimoja cha Kiingereza kitawadai kitenzi pamoja na maelezo yake, na hakuna ubaya.

Wanagenzi wengi huyapanga maneno haya kama ngazi: whisper chini kabisa, murmur juu yake kidogo, mutter juu zaidi. Ngazi hiyo haipo. Waigizaji wana kitu kinachoitwa stage whisper, mnong'ono unaotakiwa usikike mpaka viti vya nyuma, na bado unaitwa whisper. Kinachoufanya mnong'ono wa kawaida uwe mnong'ono kiko kooni. Weka vidole viwili kooni, utaje jina lako kwa sauti ya kawaida. Utahisi mtetemo. Sasa linong'one. Mtetemo umekufa, imebaki hewa inayopita. Rudia mara ya tatu kwa sauti ya chini sana lakini usinong'one, kama unayembembeleza mtoto aliyekaribia kusinzia. Mtetemo umerudi. Hiyo ya tatu ndiyo murmur.

Kwa hiyo watu wawili kando ya kitanda cha mgonjwa wakifanya whisper, kuna jambo hawataki alisikie. Wakifanya murmur, huenda wanamwonea huruma tu, hawataki kumsumbua. Kiasi cha sauti kinaweza kuwa kilekile, ila mwandishi amekwambia habari mbili tofauti. Ukiandika "wakanong'onezana" penye murmur, umewapachika siri ambayo hawana. Mimi siku hizi huandika "akasema kwa sauti ya chini, ya upole" na kuendelea na kazi.

Ila murmur ina sura ya pili, na hii imewaponza hata wakongwe. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, wana wa Israeli jangwani murmured juu ya Musa na Haruni. Biblia ya Kiswahili ya Union inasema waliwanung'unikia, na ndivyo ilivyo: hapo hakuna upole wowote, ni malalamiko. Maana hiyo bado ipo. Ukikuta mtu amekubali adhabu without a murmur, usiandike kwamba alinyamaza kimya kama maji ya mtungi. Andika kwamba hakunung'unika.

Mumble ndilo neno ninalolipenda kuliko yote. Halina siri, halina hasira. Ni mdomo ambao haukufunguka vya kutosha, maneno yakatoka yamekwaruzana. Kiswahili tuna kumung'unya, na cha kufurahisha ni kwamba lugha zote mbili zinalitumia neno lao pia kwa kutafuna kwa ufizi, kama afanyavyo asiye na meno. Ungedhani basi hapa tumeshinda. Hatujashinda. Kwetu, anayemung'unya maneno anakwepa ukweli, ndiyo maana tunasema "nitawaambia bila kumung'unya maneno." Sasa kuna mvulana mwenye haya amesimama mbele ya darasa geni, ameulizwa jina, he mumbled it. Ukiandika "alimung'unya jina lake," msomaji atashuku kwamba kijana anaficha kitu. Andika kwamba jina lilimtoka nusu nusu, halikushikika. Mwanasiasa aliyebanwa na swali la fedha, huyo mwacheni amung'unye.

Vivumishi navyo vina mitego, hasa low. A low voice yaweza kuwa sauti isiyo kubwa, na yaweza kuwa sauti nzito, ya besi. Niliwahi kumpa mhusika mwanamke sauti ya kunyenyekea kurasa mia nzima kwa sababu ya kivumishi hicho, kumbe mwandishi alimaanisha ana sauti nzito inayojaza chumba. Tazama wenzake wanamwitikiaje kabla hujaamua. Soft ni sauti laini, inayopendeza sikioni. Faint ni hafifu: imetoka mbali au imeishiwa nguvu, na anayeisikia lazima atege sikio. Muffled huenda ilianza kwa nguvu kabisa, ila kuna mto, ukuta au kiganja kimeiziba njiani. Mtu anayepiga kelele ndani ya sanduku sauti yake ni muffled, kamwe si soft.

Mtakaoingia kwenye tafsiri za afya mtakutana na heart murmur. Kwenye kipeperushi changu cha kwanza cha wagonjwa niliandika "mnong'ono wa moyo," nikajiona mshairi. Daktari aliyekipitia alicheka, kisha akaniuliza mgonjwa ataelewa nini hapo, kwamba dhamiri inamsuta? Akanieleza: ni sauti ya ziada inayosikika kwa stetoskopu, damu inapopita kwa msukosuko, mathalani kwenye vali ya moyo. Madaktari huipa daraja kuanzia 1 hadi 6, na kwa watoto wengi haina madhara. Nikaandika "sauti ya ziada kwenye mapigo ya moyo." Haina ushairi, lakini hakuna atakayelala macho akiitubia.

Sauti za vitu ni rahisi zaidi. Rustle inataka ukavu: majani makavu, karatasi, kitambaa cha hariri. Mchakacho unatosha. Hum ni mvumo usiokatika, wa nyuki wa mbali au wa friji usiku, na pia ni mtu kuimba midomo imefumbwa. Tahadhari moja tu: mtu anaye-rustle ng'ombe hawachakachi. Anawaiba.

Sigh ndiyo inayonisumbua hadi leo. Kiingereza hakikwambii kama ni nafuu, uchovu au huzuni. Kinakuachia pumzi, utajaza mwenyewe. Kuna mjane niliyemfanya "ashushe pumzi" kaburini, jeneza lilipokwisha kufunikwa udongo. Mhariri, yuleyule wa wino mwekundu, akauliza kama mama huyu alikuwa akimsubiri mumewe afe. Nikabadilisha: "Akavuta pumzi ndefu, ikamtoka kidogo kidogo."