Akikosa Mlimani, uhandisi akasome wapi?

Dada yangu, umeuliza mwanao wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) aombe wapi pengine zaidi ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maana moyo wake uko kwenye uhandisi wa umeme. Usimwekee chuo cha akiba asichokipenda, ataishia njiani. Mwaka jana hapa Chumbageni, Tanga, nilikaa mkekani na mpwa wangu, mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) katikati, kalamu nyekundu mkononi, tukapitia sifa za kila kozi mpaka usiku wa manane. Kwenye maombi yake akaongeza DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) na MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya). Kote umeme unasomwa hadi shahada. Alama za mwanao zikipungua, stashahada ya DIT au Chuo cha Ufundi Arusha isimtie unyonge kabisa, ataunganisha shahada baadaye. Ada na malazi ulizeni mapema.