Nikiuliza sababu, naambiwa nimekosa adabu

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nina umri wa miaka 16. Mwezi uliopita nilirudi nyumbani nikakuta sare ya shule nyingine imekunjwa juu ya kitanda changu. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimehamishwa. Nilipomuuliza baba sababu, alisema haki za watoto ndizo zinazowapandisha watoto vichwa. Sikutaka kubishana naye, nilitaka kujua tu. Je, nilimvunjia heshima? Na mtoto ana haki gani mbele ya mzazi anayemlisha na kumsomesha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ikiwa uliuliza kwa adabu kama unavyoeleza, hukumvunjia heshima. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, unasema katika ibara ya 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa kwa uhuru katika mambo yote yanayomhusu, nayo yapewe uzito kwa kadiri ya umri na upevu wake. Kupewa uzito si kupewa uamuzi. Baba yako anaweza kukusikiliza hadi mwisho, kisha akakuhamisha vilevile, na haki yako ikawa imeheshimiwa. Lakini sare iliyowekwa kitandani kimyakimya haikukupa hata nafasi hiyo.

Wazazi wengi wanauogopa mkataba huu bila sababu. Ibara ya 5 inatambua wajibu wao wa kumwongoza mtoto kadiri uwezo wake unavyokua, na ibara ya 29 inataka elimu imjengee mtoto heshima kwa wazazi wake. Chakula na masomo navyo ni haki za mtoto, wala si deni la kulipwa kwa kunyamaza.

Vijana mnaoniandikia ni nadra kulalamikia kuosha vyombo au kutumwa. Anayeandika kwa uchungu ni yule aliyechapwa mbele ya wageni, ingawa ibara ya 19 inataka mtoto alindwe dhidi ya ukatili hata akiwa mikononi mwa wazazi wake, au yule ambaye shajara yake ilisomwa kwa sauti sebuleni huku ndugu zake wakicheka. Naamini mnachokidai ni kuhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba, na dai hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Ila nawaomba mjiangalie pia: kijana huyohuyo anayelilia faragha yake humpiga mdogo wake kofi kwa kugusa simu, na kumnyamazisha anapotaka kujieleza. Mkataba unamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, hata huyo wa miaka 6.

Kuhusu baba yako, msubiri atulie, umwambie: "Baba, sikatai uamuzi wako, naomba tu kujua kilichokufanya uone shule hii inanifaa." Kama kuna jambo linalokutia wasiwasi huko uendako, litaje papo hapo, maana hawezi kulijua usipolisema. Ukiona vigumu kuanza, mwombe mama au shangazi aketi nanyi. Huenda ada ya shule ya zamani ilimshinda akaona aibu kumwambia binti yake. Akikuambia hivyo, msikilize nawe hadi amalize.