Testi ya sehemu, desimali na asilimia: angalia namba unazochagua kabla hujaangalia maksi

Mwaka wangu wa nne kazini nilitoa testi ya desimali kwa darasa la tano hapa Moshi, maswali 20, na darasa karibu zima likapasi, nikarudi nyumbani na furaha kubwa. Wiki iliyofuata nikawa naandika ubaoni urefu wa mlima wetu, mita 5,895 yaani kilomita 5.895, nikauliza tu kama maongezi, je kungekuwa na mlima wa kilomita 5.9 ungekuwa mrefu kuliko Kilimanjaro au mfupi? Wakajibu kwa sauti moja, mfupi! Nikauliza kwa nini. Kijana wa dawati la mbele, ambaye kwenye ile testi alipata 19, akasimama akasema ticha 895 inazidi 9.

Sikulala vizuri siku ile. Nilirudi kwenye ile testi yangu nikaipitia swali kwa swali, na tatizo nikaliona hapo hapo. Kwenye kulinganisha desimali nilikuwa nimeweka 0.75 na 0.5, halafu 0.62 na 0.4, halafu 3.25 na 3.1. Kila mahali namba yenye tarakimu nyingi ndo ilikuwa kubwa pia. Kwa hiyo mtoto anayeamini kwamba namba ndefu ndo kubwa alipata yote, na mimi nikampigia vema zote, yaani nilimthibitishia kosa lake kwa peni nyekundu. Watoto hawakuwa na shida ya kusoma, testi yangu ndo ilikuwa haioni.

Tangu pale namna yangu ya kutunga maswali ikabadilika kabisa na ndo kitu nataka niwaambie walimu wenzangu, na wazazi mnaowapa watoto mazoezi nyumbani pia. Kabla hujaandika swali jiulize hivi: mtoto ambaye hajaelewa atapata jibu gani hapa? Kama jibu lake litafanana na la aliyeelewa, badilisha namba, hata kama swali lenyewe ni zuri.

Tuendelee na hizo desimali kwanza maana hapo pana mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Ukiweka 0.5 na 0.38 utawaona wale wa "ndefu ndo kubwa", watachagua 0.38. Ila kuna kundi lingine ambalo hilo swali haliwagusi. Hawa walisikia kwenye sehemu kwamba vipande vya mia ni vidogo kuliko vipande vya kumi, wakachukua kwamba desimali yenye tarakimu mbili ni ya mia basi lazima iwe ndogo, kwa hiyo kwao 0.4 ni kubwa kuliko 0.86. Kwenye 0.5 na 0.38 wanapata, wanakosa kwenye 0.4 na 0.86. Ukiuliza swali moja tu kati ya hayo mawili kundi moja linapita bila kuonekana, kwa hiyo yaweke yote. Ongeza 0.3 na 0.30 uone nani anajua ni kitu kile kile, na 4.08 na 4.7 uone nani anairuka ile sifuri akasoma 8 na 7. Maswali manne tu hayo, dakika tano zinatosha, na utajua darasa lako lina makundi mangapi, vizuri zaidi kuliko kwa maswali 20 ya kwangu ya zamani.

Hapa kuna kitu cha lugha pia. Sisi wenyewe walimu tunasoma 0.38 "sifuri nukta thelathini na nane". Mtoto akisikia thelathini na nane, na 0.5 akaisikia tano, unategemea achague ipi? Soma tarakimu moja moja, sifuri nukta tatu nane. Nilianza kuwasahihisha kila wanaposoma na mimi mwenyewe nikawa nateleza mara kwa mara, mazoea ni magumu, lakini ndani ya mwezi mmoja niliona tofauti kwenye madaftari.

Sehemu nazo zina mitego yake. Ukiuliza ipi kubwa kati ya 3/8 na 5/8, anayeangalia namba ya juu peke yake anapata bila kuelewa. Uliza 3/5 na 3/8, hapo anayedhani namba kubwa chini inafanya sehemu kuwa kubwa ataanguka. Halafu uliza 5/6 na 7/8, hili nalipenda sana, kuna watoto watakuambia ziko sawa kwa sababu zote zimebakiza moja kufika nzima. Wameona kweli kwamba kimebaki kipande kimoja, ila hawajajiuliza kipande chenyewe kina ukubwa gani. Mtoto wa namna hiyo ukimwekea kosa tu na kupita umepoteza nafasi nzuri sana, maana yuko karibu kabisa na jibu, anahitaji sentensi moja tu kutoka kwako.

Michoro pia. Tumezoea kuchora mstatili uliogawanywa vipande sawa na kupaka rangi, mtoto anahesabu vilivyopakwa anaweka juu, anahesabu vyote anaweka chini, kazi imeisha. Jaribu kuchora mstatili wenye vipande vinne visivyo sawa, upake kimoja, uulize hii ni robo? Au chora mstari wa namba kutoka 0 mpaka 2 uwaambie waweke 3/5. Wengi wanaweka baada ya nusu ya mstari wote, kule kwenye 1.2, kwa sababu kwao 3/5 siku zote ni kipande cha kitu walichochorewa. Hawajui kwamba ni namba, ina mahali pake kama 1 na 2 zilivyo na mahali pake.

Na kwenye kujumlisha, kila mwalimu anaijua 1/2 + 1/3 = 2/5. Mimi siku hizi kabla sijawaambia wakokotoe nauliza tu, bila kukokotoa, jibu litazidi nusu au halifiki nusu? Ukishakuwa na nusu ukaongezewa kitu, itakuwaje upate 2/5 ambayo haifiki nusu? Maswali ya kukadiria hatuyatoi vya kutosha na ndo yanayoonyesha kama namba ina maana kichwani mwa mtoto. Wala sio watoto wetu peke yao. Marekani mwaka 1978 kwenye upimaji wao wa taifa waliwauliza watoto wa miaka 13 wakadirie 12/13 + 7/8, majibu ya kuchagua yakiwa 1, 2, 19 na 21. Kila moja ya hizo sehemu ni karibu na 1 kwa hiyo jibu ni karibu na 2, lakini asilimia 24 tu ndo walichagua 2, zaidi ya nusu yao walichagua 19 au 21, yaani walijumlisha za juu au za chini basi. Jaribu swali hilo hilo darasani kwako kesho.

Sasa nije kwenye kilichonifundisha zaidi ya vyote. Kulikuwa na binti mmoja darasa la sita, mkimya, hisabati zake ziko chini siku zote. Kwenye testi nikaweka 1/2 × 1/4, yeye akatafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, ili namba za chini zifanane) kama anajumlisha, akabadilisha ikawa 2/4 × 1/4, akazidisha za juu, ya chini akaiacha 4, jibu 2/4. Nikamwita mezani nikamuuliza, hii 2/4 ni kubwa kuliko robo? Akasema ndiyo mwalimu, si tumezidisha. Nikakaa kimya kidogo, halafu nikamuuliza, mama akikutuma nyama nusu robo unajua ni kiasi gani? Akajibu hapo hapo, gramu 125. Na kilo moja ina nusu robo ngapi? Nane. Akaniangalia, akaangalia karatasi, akachukua ufutio bila mimi kusema neno.

Mtoto alikuwa anajua. Alikuwa anaijua kutoka buchani na kwa mangi tangu ana miaka saba, robo ya sukari, nusu ya unga, nusu robo ya nyama, hakuna siku aliyokosea akarudishwa. Ila hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ile "nusu robo" anayoitamka dukani ndo hii 1/2 × 1/4 iliyoandikwa ubaoni, na kwamba ndo 1/8, na ndo 0.125 ya kilo. Lugha yetu yenyewe imeshafanya kazi, nusu ya robo, sisi tunaingia darasani tunaifunika na kanuni.

Kwa hiyo sasa hivi testi zangu zote za mada hii zina kitu kimoja kimeulizwa mara mbili, mbali mbali. Swali la 2 ni 1/2 × 1/4, swali la 7 ni fumbo la nyama buchani. Aliyepata la 7 akakosa la 2 sina wasiwasi naye sana, uelewa upo, nikae naye nimuunganishie. Aliyepata la 2 akakosa la 7 ndo ananipa wasiwasi, huyo amekariri, na maksi zake zinaweza kuwa nzuri mpaka darasa la saba kabla hazijaporomoka.

Muda nao ni hivyo hivyo. Waulize basi linatumia saa 1.5 kutoka Moshi kwenda Arusha, ni dakika ngapi? Utapata 150, utapata 110 kwa sababu wamesoma saa moja na dakika hamsini, na wanaosema 90 ni wachache kuliko unavyotegemea japo wote wanajua saa moja na nusu ni nini.

Asilimia nitasema kifupi kidogo lakini shika hili: usipime asilimia kwa asilimia 10. Watoto wengi wa huku wanajua fungu la kumi, wanagawanya kwa 10, wanapata. Kisha ukiwapa asilimia 20 ya 60 wanagawanya kwa 20 wanaleta 3. Kwenye asilimia 10 hilo kosa halionekani kabisa kwa sababu njia zote mbili zinaleta jibu moja. Darasa langu lina Wakristo na Waislamu kwa hiyo baada ya fungu la kumi naleta zaka ya Kiislamu, asilimia 2.5, na hapo lazima wafikiri, maana ni sehemu ya arobaini, asilimia 2.5 ya 800,000 ni 20,000. Swali lingine ni la shati la Memorial, soko la mitumba hapa Moshi, lilikuwa 20,000, bei ikapanda asilimia 10 halafu ikashuka asilimia 10, sasa ni sh. ngapi? Watasema 20,000. Ni 19,800, kwa sababu ile ya kushuka imekatwa kwenye 22,000. Wape muda wabishane kwenye hili, msiharakishe kuwaambia.

Najua mtasema mtihani wa taifa mengi ni ya kuchagua, mtoto anasiliba herufi, hizi habari za kueleza tunazipeleka wapi. Maswali ya kuchagua sio mabaya kama umetunga majibu ya uongo kwa makini. Asilimia 20 ya 60: A 3, B 12, C 40, D 80, E 1,200. Kila jibu hapo lina mwenyewe. Wa A amegawanya kwa 20, wa C ametoa, wa D amejumlisha, wa E amezidisha akasahau mia. Ukisahihisha huandiki kosa tu, unaandika herufi aliyochagua kwenye daftari lako, na jioni unajua kesho ukae na nani na umwambie nini. Ukiweka majibu ya kujazia nafasi tu kama 17 au 31 hayo hayakuambii kitu. Na tengeneza karatasi mbili zenye namba tofauti maana watoto wanaangalizia, ukikuta C nne za dawati moja hujui ni wanne au ni mmoja.

Nina wanafunzi 68, siwezi kusoma maelezo marefu ya kila mmoja. Nimepunguza testi ikawa maswali 8, na la mwisho naandika: mwenzako amesema 0.38 ni kubwa kuliko 0.5, mweleze amekosea wapi. Ukiwaambia "eleza jibu lako" wanaandika "kwa sababu ni kubwa", lakini ukiwapa mwenzao wa kumsahihisha wanaandika vizuri ajabu. Na tafadhali, hizi testi zisiende na fimbo. Mtoto anayeogopa anaficha anachowaza, na anachowaza ndo kitu pekee unachokitafuta.

Baada ya wiki mbili narudia, mawazo yale yale namba tofauti, bila kuwatangazia. Waliobadilika kweli wanaonekana, na waliokuwa wameshika jibu la siku ile tu wanaonekana pia.

Karatasi nazirudisha bila asilimia. Naandika tu sehemu, labda 18/25, wao wenyewe waigeuze iwe desimali na asilimia pale pembeni ndo waniletee nisaini. Anayeleta 0.72 na asilimia 72 nasaini anaenda kucheza. Anayeleta asilimia 18 navuta kiti akae, tunaanza na robo ya sukari.